Mabondo ya Mwaka Mzuri

Ijumaa jioni. Chumba cha nyuma ya baa moja Kirumba, mlango umekomewa. Mashimba, mwizi mzoefu, alisukuma chupa pembeni.

"Kesho kiwandani wanasherehekea faida. Watu wote uwanja wa mbele. Teodora, ufunguo?"

"Ninao." Teodora ndiye mkaushaji wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya ndani ya samaki, mali ambayo mwaka huu bei yake imepaa vibaya sana.

Yakobo, aliyekata minofu kiwandani hapo miaka tisa, aliguna. "Bei ilipoanguka walitukata mshahara. Imepanda, tunapewa soda. Hiyo ni haki?"

"Ndiyo maana kesho unajilipa. Magunia mawili, yafikishe kwenye boti. Nakupa tulichoongea."

"Hata ukiuza mara tatu yake, mimi kilekile?"

"Boti yangu. Mafuta yangu. Mteja wangu."

"Unaongea kama tajiri wetu."

Mashimba alicheka. Prudencia, mke wa Yakobo, alikuwa amelazwa Sengerema, akisubiri hela ya kupasuliwa. Sasa mtu wa namna hiyo abishane na nani? Yakobo akakubali.

Jumamosi, saa sita mchana. Muziki umefunguliwa mpaka mwisho huko mbele. Teodora alifungua stoo, akatangulia botini. Yakobo akafikisha gunia la kwanza, akarudia la pili. Akatoka nalo mpaka geti la ziwani. Boti ile pale.

King'ora kikalia.

Inaudhi hata kusimulia. Kiwandani kwao king'ora kikilia unasimama getini, unanyoosha mikono, unapapaswa, waone kama hujaficha samaki. Kila siku, miaka tisa. Yakobo akasimama. Gunia likadondoka. Mikono ikapanda yenyewe.

"Yakobo, njoo bwana," Teodora aliita. "Yakobo."

Mashimba aliwasha injini.

"Tumsubiri kidogo."

"Moja linatosha. Fungu lake tutagawana."

Teodora alimtazama Yakobo, kisha akakaa. Roho ilimuuma, lakini alikaa.

Ngosha, mlinzi, akatokea na soda mbili mkononi. "Kaka, hicho ni king'ora cha kuitia watu soda. Nimekuletea yako." Kisha akaliona gunia.

Yakobo alikuwa ameshageuka mwenyewe, mgongo nao upapaswe. Kule majini boti ilikuwa inaelekea Sengerema.