Altaneta ya Pili

Altaneta ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana ilikuwa imekaa siku tatu kivulini, ndani ya ndoo chini ya benchi. Ilikuwa na uvuguvugu wa kwapa, na fundi alipoishika ilimwachia kiganjani unyevu uliovutika kama kamasi.

"Grisi mbovu," akajisemea, akajifuta kwenye ovaroli, akaendelea na kazi.

Fundi huyo alikuwa mwanamke, bingwa wa umeme wa magari, na kazi ya siku hiyo ilikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe. Yeye na mumewe, mshonaji, walikuwa wamenunua basi lililochoka, wakang'oa viti, wakaweka vitanda, jiko, cherehani na friji ndogo. Friji ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba ile, kwani humo zilikaa chupa za dawa ya sukari ya mama mkwe, aliyechomwa sindano asubuhi na jioni. Altaneta ya basi ilitosha kuchaji betri za kuwashia injini tu. Kwa betri za nyumba ilihitajika ya pili, na hiyo fundi aliitoa kwa muuza vyuma chakavu, aliyeapa kwa miungu yote kwamba haina kasoro.

Akakata bamba la chuma, akalitoboa, akalifunga ubavuni mwa injini kwa boliti nne. Akazipanga puli mpaka zikakaa mstari mmoja, akaukaza mkanda, akapitisha waya mnene na fyuzi hadi kwenye betri. Mumewe akawasha injini. Kipimo kikasoma volti ishirini na nane, wala hazikuyumba.

"Mke wangu, mikono hiyo ni dhahabu!"

"Dhahabu gani inanuka hivi?" fundi akasema, akiunusa mkono wake. Ulinuka maziwa yaliyochacha na nywele zilizoungua, na sabuni aliyoimaliza siku hiyo haikufua dafu.

Kesho yake alifungua friji. Ilikuwa baridi sawasawa, nyuzi nne kamili, lakini nyama iliyowekwa asubuhi ilikuwa imejaa funza, na funza wenyewe walikuwa baridi kama vipande vya barafu huku wakicheza. Chupa za dawa zilikuwa zimefanya utando wa kijani. Mshonaji alikimbilia hospitali kuchukua nyingine, akazileta ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu.

"Msinichome," mama yake akasema. "Mbona mimi mzima?"

Kweli, kwa macho alikuwa mzima. Siku mbili hakuwa ametia tonge mdomoni, lakini mashavu yalikuwa yamemvimba na kung'aa kama yamepakwa mafuta. Akabeua, na beuo lile likalijaza basi zima uvundo wa choo kilichofurika, mpaka mshonaji akatoa kichwa dirishani.

Mchana wa siku ya tatu fundi alikwenda nyuma kukagua mkanda. Injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Akasikia sauti ya mtu anayetafuna mdomo wazi, polepole, kwa raha zake, na alipozunguka kona akamkuta mama mkwe amepiga magoti juu ya kokoto, kifuniko cha injini kimeinuliwa, uso wake ameuingiza kati ya puli na bamba, akiilamba altaneta kama ng'ombe anavyomlamba ndama aliyemzaa, na ute wa manjano ukimchirizika kidevuni, shingoni, hadi kwenye khanga aliyokuwa akiifua kila siku kwa sababu hakuweza kuvumilia hata doa la chai.

"Mama," fundi akanong'ona. "Mama, unafanya nini?"

"Shii! Usimshtue. Ananilisha."

Fundi hakubishana. Alichukua spana akaishika boliti ya kwanza, na spana ilipozunguka nusu tu mama akapiga ukelele, usaha ukamtoka masikioni. Akaacha. Akamwita mumewe, wakambeba mama hadi kitandani, mmoja huku mmoja huku.

"Umetuletea nini, mke wangu?" mshonaji akauliza.

"Sijui. Kamlete mganga. Kimbia."

Mganga alikuja, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa plastiki. Mshonaji alikuwa amemsimulia yote njiani. Mlangoni akasimama, akaziba pua.

"Kile chuma kimetoka kwenye gari gani?"

Fundi akampigia muuza vyuma. Muuzaji akababaika, akaapa tena, mwishowe akatapika ukweli: lilikuwa gari la kubebea maiti, lililoharibika njiani kwenye jua kali na kukaa siku mbili na mzigo wake.

"Jini la uvundo," mganga akasema. "Linakaa pale miili ilipovujia. Halina tumbo, linatafuta la kuazima. Nitalifukiza. Wewe uliyelifunga ndiye utakayelitoa. Mama akianza kutapika, vuta. Usikate! Likikatika, kichwa kitabaki ndani."

Akawasha ubani, akaanza kusoma. Mama akakauka kama ubao, akafumbua mdomo, na ulimini pakachungulia ncha ya kitu cheusi. Fundi akaishika. Zilikuwa nywele, zimesokotwa kama waya wa ndani ya altaneta, zimelowa, zina joto, na akavuta mkono juu ya mkono, dhiraa baada ya dhiraa, nazo zikija na vipande vya ngozi laini vilivyonata vidoleni, na meno madogo yaliyoning'inia kama shanga, huku mumewe akimshika mama mabega na kulia bila sauti, na kule nyuma ya basi injini iliyozimwa ikaanza kuunguruma, mkanda ukapiga kelele, bamba likatikisika, na sauti nene ikatoka tumboni mwa mama ikisema, "Bado sijashiba, bado sijashiba," mpaka fundi akahisi kitu kizito kama ngumi kikimkwaruza mama kooni, akafumba macho, akavuta kwa nguvu zake zote, na kikaangukia sakafuni kwa mlio wa nyama mbichi.

Hakuna aliyekiangalia. Mganga alikifunika kwa ndoo ya chumvi. Boliti sasa zilifunguka bila shida, na altaneta na kile kitu vikachomwa pamoja ndani ya pipa hadi vikawa jivu na bonge la shaba.

Mama alikuwa amesinyaa, lakini macho yalikuwa yake. "Sindano yangu iko wapi?" akauliza. Mshonaji akakimbia kuileta.

Mganga alikuwa akinawa. "Kuna vifaa vingine vilivyotolewa kwenye gari lile?"

Fundi akapiga simu tena.

"Altaneta tu na stata ya kuwashia injini," muuza vyuma akajibu. "Stata nimempa mwenye basi la chekechea. Na anavyoisifu! Anasema linawaka kabla hata hajageuza ufunguo."