Kigae Nyuma ya Mlango

Mkewe alimtuma sabuni ya kufulia, na Fundi alikwenda hivyo hivyo, na suruali yenye madoa ya saruji, kwa sababu kubadilisha suruali kulitaka nguvu ambazo hakuwa nazo. Jua lilikuwa bado halijazama. Alinunua sabuni, akaitia mfukoni, halafu badala ya kurudi nyumbani akakata kona, kuelekea kule alikoelekezwa na fundi rangi.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi. Huo aliujua na walishazoeana. Huu aliamka nao asubuhi, akashinda nao, akalala nao. Mwaka mzima sasa. Daktari wa zahanati alimpa vidonge akamwambia vinataka subira, na subira ndiyo iliyokuwa imemwishia. Basi akahangaika. Alinusa mafuta ya maua mpaka mkewe akamuuliza anamnukia nani. Alioga maji baridi alfajiri, akapata mafua. Alikandwa nyayo na mzee mmoja aliyesinzia katikati ya kazi. Alifundishwa kupumua kwa kuhesabu, akapoteza hesabu. Hakuna kilichomsaidia.

"Nenda kwa Mama Vidole," fundi rangi alimwambia wakiwa kazini. "Hakupi dawa. Anakugonga-gonga usoni na vidole, kama wewe unavyogonga vigae vyako. Mimi nililia pale kama mtoto mchanga, kaka, lakini nilitoka mwepesi."

Nyumba ilikuwa ya kawaida tu. Mapazia yaliyofifia, kalenda ya mwaka uliopita ukutani, na katikati ya sebule kiti kimoja cha mbao. Kulikuwa na harufu kidogo, ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Fundi akaingia, akakanyaga sakafu, akasimama.

Kigae kililia kama debe.

Akakanyaga cha pili. Debe. Cha tatu... debe. Miaka ishirini na miwili Fundi alikuwa akitandika vigae, na kazi hiyo ilikuwa imehamia masikioni mwake. Kigae kilichokaa vizuri hujibu kisigino kwa sauti fupi, nzito. Chenye uwazi chini yake hulia. Sebule nzima ya yule mama ilikuwa inalia.

"Aliyekutandikia hapa alikuibia," alisema. "Nitakuja siku moja nikurekebishie."

"Viache," alisema Mama Vidole. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye vidole virefu kuliko mikono yake ilivyostahili. "Hapo ndipo inapowekwa. Kaa."

Hakusema kinachowekwa ni nini, na Fundi alikuwa amechoka mno kuuliza.

Mama Vidole alimgonga juu ya jicho. Pembeni ya jicho. Chini ya jicho. Chini ya pua. Kidevuni. Kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Chini ya kwapa. Sehemu saba, kila moja mara saba, na kila sehemu Fundi alitakiwa kusema: "Japo nimechoka, najikubali. Uliyekaa, ondoka."

Vidole vilipofika kwenye mtulinga, Fundi alisikia sauti ya kifua chake mwenyewe, na sikio la kazi likashtuka. Kifua cha mtu hai kina hewa, kinapaswa kulia kidogo. Chake kilijibu kama gunia la mchanga lililoloa.

"Tena," alinong'ona Mama Vidole.

Mzunguko wa tatu, baridi ilimpanda kutoka nyayoni... halafu ikashuka. Ilishuka kifuani, tumboni, magotini, ikatoka. Ile harufu ikazidi kidogo. Chini ya kiti kitu kikasema tik, mara moja.

Fundi alilia. Aliposimama alikuwa mwepesi. Na kigae alichokuwa amekikalia, alipokikanyaga, hakikulia tena. Kilikuwa kimejaa.

"Usijifanyie kwako," Mama Vidole alimwambia mlangoni. "Hapa tu."

Usiku ule alikula, akaomba aongezwe. Mkewe alimtazama na mwiko mkononi, akasahau kupakua. Binti yao, aliyeitwa Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema na hajanyamaza tangu hapo, alisimulia habari za shule mpaka chakula kikapoa, na Fundi akamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Hakukumbuka lini alifanya hivyo mara ya mwisho. Kwa ajili ya hilo peke yake, angemlipa yule mama mara mbili.

Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara kiti kilikuwa kimesogezwa juu ya kigae kingine. Mara ya tatu Fundi alipita makusudi juu ya kile cha kwanza.

Debe. Kilikuwa kitupu tena.

Alikitazama. Halafu akajiambia kuwa mambo ya watu ni ya watu, akaketi.

Ndipo kazi ikahamia mbali, mwisho kabisa wa mji, na Fundi akawa anafika nyumbani giza linaingia. Kwenda tena kwa Mama Vidole hakuweza. Na ule uchovu, taratibu, ukaanza kumrudia. Aliuhisi asubuhi moja alipokuwa akifunga kamba za viatu. Alifunga kimoja, akabaki akikitazama cha pili.

Akasema, kwani kuna ugumu gani? Vidole ninavyo. Maneno nayajua.

Akaketi sebuleni kwake, kwenye sakafu aliyoitandika kwa mkono wake mwenyewe, sakafu ambayo mafundi wenzake walikuwa wakija kuitazama. Akaanza. Juu ya jicho. Pembeni ya jicho. Chiriku akavuta kigoda, akakaa mbele yake, goti kwa goti, akawa anamwigiza. Kila alipogonga baba, naye aligonga.

"Japo nimechoka, najikubali," alisema Fundi.

"Japo nimechoka, najikubali!" alirudia Chiriku huku akicheka. Ana miaka saba, amechoka na nini?

Baridi ikapanda, ikashuka, ikatoka. Fundi akawa mwepesi. Akafanya hivyo jioni nne mfululizo, na jioni ya nne Chiriku hakucheka. Fundi hakuliona hilo. Mtu aliyepata nafuu huwa haoni mengi.

Mkewe ndiye aliyeona.

"Baba Chiriku, huyu mtoto ana nini? Nimemtuma chumvi, amerudi na chumvi. Basi! Hakuniambia muuza duka kavaa nini wala kagombana na nani. Anakaa tu. Nimemuuliza unaumwa, anasema amechoka."

Fundi akaenda chumbani. Chiriku alikuwa amelala ubavu, macho wazi, anautazama ukuta. Akaketi kando yake, akampigapiga mgongoni polepole, kama alivyokuwa akimbembeleza alipokuwa mdogo. Mkono wake ukasimama.

Akagonga tena, kwa kidole kimoja.

Gunia la mchanga lililoloa.

Hakuvaa hata viatu vya maana. Alikwenda na ndala, nusu anatembea nusu anakimbia, taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka. Mama Vidole alifungua mlango kabla hajagonga, akamtazama usoni, akaelewa.

"Umejifanyia kwako."

"Mama, mwanangu..."

"Sakafu ya kwako ikoje, fundi? Chini pana nafasi?"

Na Fundi, kwa mazoea tu, kwa kile kiburi cha fundi kinachomtoka mtu hata msibani, akajibu: "Kwangu hakuna hata kigae kimoja kinacholia."

Mama Vidole akafumba macho.

"Basi ulidhani itakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ikitolewa, inatafuta pa kukaa. Isipopata chini, inakwenda kwa aliye karibu. Mtoto ana nafasi nyingi." Akafumbua macho. "Rudi kabla haijamzoea. Mpe nafasi chini."

"Na hivi vyako," Fundi aliuliza, akionyesha sakafu, "watu wote hawa wanajaza. Mbona vinarudi kuwa vitupu? Nani anaondoa yaliyomo?"

Yule mama alishika kitasa cha mlango. Alionekana amechoka, kuliko hata Fundi alivyowahi kuchoka.

"Miaka yote hii sijauliza," alisema. "Na wewe usiulize."

Akafunga mlango.

Fundi alichagua kigae cha nyuma ya mlango, mahali ambapo hapawekwi kiti wala hapapiti mgeni. Akaweka tindo kwenye mwanya, akainua nyundo. Mkewe alisimama pembeni, amejishika kichwa.

"Unavunja nyumba sasa! Umeanza na mafuta ya maua, tumefika huku!"

"Mlete mtoto," alisema Fundi. "Nitakueleza. Mlete kwanza."

Kigae kilitoka kizima. Akachokoa saruji chini yake, vidole vitatu kwenda chini, akazoa mchanga kwa kiganja. Halafu akakirudisha, kimeshikwa kwenye kingo tu, katikati hewa tupu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi mbovu kwa makusudi. Alikigonga.

Debe. Hakuwahi kuifurahia sauti ile namna hiyo.

Akaweka kigoda juu yake, akamketisha Chiriku, akamwambia mkewe asimame nje ya mlango, mbali. Akapiga magoti. Juu ya jicho. Pembeni. Chini ya jicho. Uso wa mtoto ulikuwa baridi kama bomba la maji.

"Sema, mama. Japo nimechoka..."

"Nimechoka, baba."

"Najua. Sema, mwanangu. Uliyekaa, ondoka."

Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu, Fundi alikuwa analia waziwazi, anaahidi mambo, kwamba atakaa na uchovu wote mwenyewe, urudi kwake, na hatalalamika tena maishani. Ile harufu ikaingia sebuleni, ya chumba kilichofungwa...

Tik.

Chiriku akavuta pumzi ndefu. Akatazama chini, akatazama nyundo, akatazama rundo la mchanga.

"Baba, mbona umevunja sakafu? Mama atakupiga! Halafu yule muuza chumvi leo kavaa viatu viwili tofauti..."

Fundi alimkumbatia akiwa anaongea vivyo hivyo. Kigae kilikuwa kimejaa. Alikigonga mara kumi kuhakikisha.

Siku tatu nyumba ilikuwa na kelele zake za kawaida. Siku ya nne alirudi kutoka kazini wakati taa zinawashwa. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Fundi akasukuma mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake, na kisigino kikakanyaga pale.

Debe.

Mfuko wa vifaa ulimponyoka. Alimwita Chiriku, akampigapiga mgongoni kabla hata ya salamu. Kifua cha mtoto kililia vizuri, chepesi. Akatoka mbio uani, akamgonga mkewe begani, akatukanwa. Mwepesi. Akajigonga mwenyewe. Mwepesi. Haikuwa ndani ya mtu yeyote.

Akarudi sebuleni polepole.

"Chiriku. Kuna mtu alikuja?"

"Ndiyo. Yule aliyekuja kuchukua." Alikuwa anachora, hakuinua hata kichwa. "Hakupiga hodi, baba, hana adabu. Aliinama pale nyuma ya mlango akanusa. Halafu akala."

"Akala... nini?"

"Ya pale chini. Akasema ni kidogo." Chiriku alichagua kalamu nyingine. "Akauliza humu ndani nani huwa anachoka sana kwa huzuni."

Fundi akaushika mkono wake wenye kalamu.

"Ukamwambia nani, mwanangu?"

"Nikamwambia wewe. Akasema atarudi, akae akusubiri mpaka uchoke tena."

Nje mkewe alikuwa akiimba, anakunja nguo. Ndani, nyuma ya mlango, palinuka chumba kilichofungwa. Fundi, ambaye tangu alfajiri alikuwa amepiga magoti kwenye zege, ambaye mgongo ulimuuma na macho yalimjaa machozi, alivuta kiti akakaa mbele ya binti yake.

Akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, ili asikike mpaka nyuma ya mlango.