Kwenye Sabufa ya Zubeir

Zubeir nilimpikia chai kwa mikono yangu. Kila nikikumbuka hilo hasira zinanipanda upya, maana nilimwekea na tangawizi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi hapa Mlandizi, siku ya kawaida kabisa. Mdogo wangu Twalibu alikuwa na banda la ufundi wa umeme wa magari, na mimi nauza chai na chapati pembeni yake. Sifa yake ilikuwa miziki mikubwa ya magari, ile inayotikisa vioo vya nyumba. Watu walimfuata kutoka hata Kisarawe. Basi Zubeir akaja na pikapu yake ya matangazo, nyuma imejaa maspika, akalalamika kwamba kila besi ikidunda taa za mbele zinafifia na amplifaya inajizima. Twalibu akamuuliza tatizo limeanza lini na wapi. Aliwauliza hivyo wateja wote, kwa sababu nusu ya ugonjwa wa gari huwa iko kwenye jibu.

"Imeanza tu, fundi wangu," Zubeir akasema, akapuliza chai yangu.

Mwongo mkubwa.

Twalibu akaanza kazi. Muziki mkubwa, aliwahi kunieleza, unakula umeme kuliko gari linavyoweza kuuzalisha, na mara nyingi kosa liko kwenye ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Akafunua zulia, akakuta nati imeota kutu. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akatoa waya mwembamba akaweka mnene, akaongeza na betri ya pili. Wakawasha. Besi ikapiga mpaka sufuria zangu zikacheza, na taa hazikufifia hata kidogo. Zubeir akaondoka anacheka.

Kesho yake akarudi anavutwa kwa kamba. Betri zote mbili zilikuwa zimekauka, na gari lililala limezimwa. Twalibu akazichaji, akaunganisha mita, akaanza kuchomoa fyuzi moja moja ili aone ni kipi kinachonyonya umeme. Akazichomoa zote. Mshale wa mita ukaendelea kucheza. Ulipanda taratibu, ukashuka taratibu, ukapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akafungua nyaya za betri kabisa. Sasa gari halikuwa na umeme wa aina yoyote. Jua lilikuwa kali, watu wanapita na baiskeli zao, na sisi tumeikodolea macho sabufa, lile spika kubwa la besi nyuma ya pikapu. Uso wake mweusi ulikuwa unaingia na kutoka. Taratibu. Bila sauti.

Nikageuka kumtafuta Zubeir. Alikuwa amekwenda kusimama ng'ambo ya barabara.

Sasa, Twalibu ana mazoea yake, na watu wote wa miziki ya magari wanayajua. Mita ikishindwa kumpa jibu, anazima kila kitu na kulaza sikio kwenye spika, asikilize kama kuna mvumo wa umeme unaovuja. Akapiga magoti. Akalaza sikio la kulia kwenye sabufa.

Akatulia. Akaacha kupepesa macho.

"Dada," akanong'ona. "Mna watu humu."

Nikamuuliza wanasema nini.

"Wanatembea. Wamebeba kitu kizito. Wanasema tuwapishe."

Nikamvuta bega. Hakuvutika. Nikamvuta kwa mikono miwili. Sikio lilikuwa limeshika. Nikaweka mguu kwenye bampa, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kichwa chake kikabanduka kama chapati iliyoshika kwenye chuma. Palepale sabufa ikaacha kupumua.

Kule ng'ambo, Zubeir akashusha pumzi. Nilimwona kwa macho yangu haya. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilivuka barabara nikamkaba shati, na akasema yote bila ubishi. Wiki iliyotangulia alikuwa Maneromango akitangaza sabuni. Kwenye njia nyembamba akakutana na jeneza linakwenda makaburini. Kwetu hata mlevi anajua la kufanya: unazima muziki, unazima gari, unashuka, unasimama mpaka maiti apite. Yeye alikuwa anawahi mnada. Mmoja wa wabebaji akamwomba kwa upole azime, awapishe. Akapiga honi. Akaongeza sauti. Wabebaji wakaingia mtaroni, na jeneza likainama upande.

Jioni hiyohiyo alizisikia zile sauti kwenye sabufa, akaruka kutoka kwenye gari. Alichotakiwa kufanya ni kurudi kuomba radhi, basi. Aibu ya kitambo kidogo tu mbele za wafiwa. Akaona aibu hiyo ni kubwa mno kwake.

"Kwa nini ukamletea ndugu yangu?" nikamuuliza.

Aliangalia viatu vyake. "Niliambiwa yeye anasikilizaga kwa sikio. Nikasema, labda likipata wa kulisikiliza, litaniacha."

Nilimzaba kofi ambalo mkono wangu unalikumbuka mpaka leo. Halikutosha.

Kesho yake nilimlazimisha atupeleke Maneromango. Njia nzima Twalibu alikuwa ameziba sikio la kulia kwa kiganja, lakini alichokuwa anakisikia hakikutoka nje. Alisema nyayo zimekaribia. Mimi sikutaka kitu kingine duniani ila nirudi na mdogo wangu mzima.

Baba wa marehemu, mzee Shomari, alitupokea vizuri mno. Zubeir akamwamkia shikamoo, akaomba radhi machozi yakimtoka, na mzee akamsamehe hata hajamaliza. Akasema wao walishasamehe siku ileile, barabarani. Kisha akamgeukia Twalibu, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote juu yake.

"Wewe ndiye uliyesikiliza?"

Twalibu akaitika kwa kichwa. Mzee akamshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa.

"Tulimzika, lakini hakufika," akasema kwa sauti ndogo. "Naona sasa amepata pa kupita."

Pikapu ya Zubeir inadunda vizuri siku hizi. Inapita mbele ya meza yangu, taa hazififii, na mwenyewe ananipungia mkono. Natamani aungue nayo. Ndiyo, naandika hivyo na sifuti.

Twalibu haji tena bandani. Analala mkekani ubavu wa kushoto, sikio la kulia likiangalia dari, na ukimgeuza anarudi vilevile. Daktari alimulika ndani, akasema sikio ni zima. Lakini kila alfajiri nalifuta kwa kitambaa, na kinachotoka ni udongo. Mbichi, mwekundu kama wa Maneromango, wakati kwetu hapa ni mchanga mtupu.

Leo haukutoka udongo. Ilitoka pamba. Nyeupe, safi, imekunjwa vizuri na inanukia kafuri, kama ile anayozibwa maiti. Nilipotazama sikio la kushoto, nalo lilikuwa limezibwa.