Njiti kwenye Kitufe

Kompyuta ya zahanati ilianza kunuka maziwa yaliyochacha saa nne asubuhi, na fundi akadhani ni kikombe cha mtu.

Fundi huyo walimwita Njiti. Kompyuta ikimuuliza "Niendelee?" hasomi, anabonyeza kitufe cha kukubali. Ikizidi kuuliza, anakibana kitufe kwa njiti ya kiberiti na kwenda zake. Mwanamume mzima.

Siku hiyo mkewe, aliyekwishapoteza mimba mbili, alikuwa chumba cha pili akiumwa uchungu, na historia yake yote ya uzazi ilifungiwa ndani ya dude hilo kuukuu. Programu ya kuifungua ilikuwa ya bure, yeyote aichukue, ila kompyuta ilikuwa na umri wa binti wa kuolewa. Kila akiiweka programu, inamjibu kuwa kinakosekana kipande fulani. Akikipata, nacho kinadai kingine. Kingine kinadai cha tatu, na cha tatu kinamrudisha kwa kile cha kwanza. Njiti alitukana mpaka mate yakamkauka.

"Bado tu?" Mkunga alichungulia mlangoni. "Mkeo anavuja damu, na sikumbuki ni sindano gani ilitaka kumuua mara ile."

"Inadai vitu, mama. Nikiipa hiki inataka kile."

"Kama jini lililompanda mtu kichwani."

"Usinitanie, mama."

"Nani ana muda wa kukutania?"

Mkewe akapiga yowe. Njiti akakibana kitufe kwa njiti yake, akakimbia kumshika mkono.

Aliporudi, harufu ya maziwa ilikuwa imejaa chumba kizima, feni ndani ya kompyuta ikikoroma kama mtu mwenye pumu, na kwenye kioo orodha ilikuwa inapanda, kwanza vipande vya programu, majina ambayo fundi yeyote anayajua, kisha chini yake, kwa herufi zilezile, unakosekana ukucha, ndiyo, unakosekana unywele, ndiyo, inakosekana pumzi, ndiyo, na Njiti alipotazama mkono wake akakuta kidole cha mwisho hakina ukucha wala jeraha, laini kana kwamba hakijawahi kuwa nao, akaichomoa njiti, na kitufe kikabaki kimezama.

Mstari wa mwisho ulidai jina. Lile walilomchagulia mtoto yeye na mkewe, kwa kunong'onezana, bila kumwambia mtu.

Ndiyo.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Mkunga alitazama mara moja, akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika. Kiliandika: *Vyote vimepatikana.* Chini yake kijistari kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kisha faili la mke wa Njiti likafunguka, na jina la sindano ya kuepuka likawa pale. Mkunga akalisoma, akakimbia.

Mkewe akapona. Adhuhuri mtoto akazaliwa, mnene, wa kupendeza. Hakulia. Kwenye kidole chake cha mwisho palikuwa na ukucha mpana wa mtu mzima, wenye weusi wa vumbi la mashine.

"Ulikubali nini, Njiti?" mkunga alinong'ona.

"Sikusoma, mama."

Mtoto akamgeukia baba yake. Akawa anafumba na kufumbua macho, anafumba na kufumbua, kwa mwendo wa kile kijistari, akisubiri jibu.