Vitabu vya Mwana Zuhura

Duka la fotokopi karibu na stendi ya Lindi lilifurika watu. Maimuna, ndani ya baibui na mtandio wa zambarau, alimwona kijana aliyemtangulia akifungua kanga iliyofunika kitabu chakavu.

"Kaka, usikibane kwenye mashine! Kitaachia kurasa zote."

"Kumbe hata vitabu vina daktari?" Kijana huyo, Mudathiri, alicheka.

Maimuna alipoona jina lililoandikwa ndani ya jalada, alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Mwaka wa tatu huo alikuwa akivitafuta vitabu vya Mwana Zuhura, bibi wa kiungwana wa Kilwa wa karne nyingi nyuma. Vilitawanyika alipokufa, naye Maimuna alivipiga picha kimoja kimoja na kuvipanga upya ndani ya kompyuta, kama vilivyokaa chumbani mwa bibi huyo.

"Huyo ni bibi yetu mkuu," Mudathiri alijivuna. Akamwazima kitabu, kisha akampa na moyo.

"Umekula, mpenzi?" alimpigia kila mchana.

"Nimekula vumbi."

"Namwonea wivu huyo marehemu. Unashinda naye kuliko mimi."

Maimuna hakucheka. Tangu kitabu kiingie kwake, alisikia mwanamke akisoma polepole nyuma ya kiti chake. Akigeuka, hapana mtu.

Ukurasa wa mwisho ulisema: *Kimeandikwa kwa mkono wa Sikujua, mjakazi wa Mwana Zuhura. Baada yake ni cha Mwanahija, binti wa Sikujua.* Na Mwanahija ndiye ambaye kina Mudathiri walihesabu ukoo wao kwake, wakimdhani binti wa Mwana Zuhura.

Maimuna hakumwambia Mudathiri, akiogopa kumpoteza. Akaziweka picha mtandaoni kimyakimya, akidhani hakuna atakayezisoma herufi zile za Kiarabu. Ahmadi, binamu yake Mudathiri, alizisoma, akawaambia jamaa.

Simu ya Mudathiri ikaingia. "Ulijua?"

"Nilijua, mpenzi wangu, ila..."

"Watu wote wamejua kabla yangu." Akakata.

Miezi miwili ilipita bila simu. Ile sauti nayo ilinyamaza. Maimuna akakirudisha kitabu Kilwa Kivinje, kwa Bi Mwahija, bibi yake Mudathiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisomee huo mwisho."

Akasoma. Mudathiri alisikiliza mlangoni. Bi Mwahija akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mama aliniachia jina hilo akikata roho, akaniapisha nisilitaje. Tangu hapo namsikia Sikujua huyo akisoma humu ndani. Nilidhani ananikanya. Kumbe anataka kutajwa."

"Hata mimi nimemsikia, bibi."

Mudathiri akasogea. "Ungeniambia wewe, ningeumia, lakini ningeumia nikiwa nawe."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe wiki ile ile. Kiburi ndicho kilichonichelewesha."

Mwezi uliofuata kina Mudathiri walikuja kuposa. Baba yake Maimuna akauliza, kama ilivyo desturi, kijana ni wa ukoo gani. Ahmadi akainama. Bi Mwahija akajibu mwenyewe:

"Wa Sikujua. Alikuwa mjakazi, na alijua kuandika."

Nyuma ya pazia, Maimuna alijifinya kiganja.

"Aliandika nini?" baba akauliza taratibu, kisha akaagiza kahawa iletwe.