Diski ya Mjomba Clifford

Likizo ya Agosti ilipoanza, Jacklyne Oyoo alijipa kazi. Kila asubuhi aliondoka nyumbani kwao Satellite pamoja na baba yake, Zadock, na ilipofika saa mbili unusu walikuwa wakipanda ngazi za jengo moja la River Road, orofa ya tatu, chumba cha mwisho. Jacklyne alifagia, akapanguza kamera, akachemsha chai. Baba yake alikuwa mpiga picha za video. Harusi, mahafali, ibada za shukrani, wewe mwite tu, atafika na kamera begani na ile kofia yake ya kijani ambayo Mama amemkataza mara mia kuivaa kanisani.

Jacklyne alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko subira yake.

Sasa, mafundi wa video wa jengo lile walikuwa na desturi yao, na hakuna aliyejua nani aliianzisha. Ukishapiga video, unaihamisha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski, kile kisanduku kidogo cha kuhifadhia kazi. Halafu unaibeba diski hadi kwa jirani. Jirani anaifungua kwenye kompyuta yake, anatazama mwanzo, katikati na mwisho, anajiwekea nakala, kisha anasema, "Nimeiona." Ni hapo tu kadi inafutwa ili itumike tena. Jirani wa Zadock alikuwa Nzioka wa orofa ya pili, mtu mnene na mpole aliyetafuna njugu tangu asubuhi hadi jioni. Watoto walimwita Baba Kasyoki. Nzioka aliona kazi za Zadock, na Zadock akaona za Nzioka, miaka tisa mfululizo bila kazi ya mtu kupotea.

"Hata kompyuta yangu iungue leo," Baba alipenda kusema, "kazi ya mteja iko salama kwa Nzioka."

Basi akaja Mjomba Clifford, kaka yake Mama, anayefanya kazi Upper Hill katika ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo. Ofisi yao ilikuwa imebadilisha mashine, naye akapewa laptopu moja na diski moja, akamletea shemeji yake badala ya kompyuta yake kuukuu.

"Hii diski ina kebo ya aina mpya," alisema. "Ile kazi inayokuchukua saa moja na nusu, hii inamaliza kwa dakika nne."

Baba aliguna tu, lakini Jacklyne alikuwa ameshapenda. Siku hiyohiyo alizunguka jengo zima akiwasimulia watu. Nzioka alisikiliza akitafuna njugu zake. "Dakika nne," alisema. "Haya. Na hizo dakika zingine themanini na sita unazibeba unazipeleka wapi?" Watu wakacheka, na Jacklyne akaona kwamba wazee hawa hawaelewi kitu.

Jumatano Baba alimkabidhi kadi ya kamera. "Hii ni ibada ya Mwalimu Ndanu," alisema. "Ihamishe, umpelekee Baba Kasyoki aione. Kesho nina mahafali, nitaihitaji kadi."

Kila mtu Satellite alimjua Mwalimu Ndanu. Alikuwa ameiongoza kwaya ya akina mama kwa miaka ishirini na sita. Jumapili iliyopita alikuwa ameimba peke yake mbele ya kanisa lote, kwa sababu Jumatatu alikuwa anafanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alikuwa amemwambia mapema kwamba baada ya hapo hataimba tena. Watu walilia hadi vitambaa vikalowa. Video ile ndiyo iliyobaki na sauti yake.

Jacklyne aliunganisha diski ya Mjomba na laptopu. Kweli bwana, chai aliyomimina haikuwa imepoa, na ibada nzima ilikuwa imeshaingia. Akashuka ngazi mbilimbili hadi kwa Nzioka.

Nzioka aliigeuza kebo, akaitazama kompyuta yake upande huu na upande ule. "Mwanangu, mashine yangu haina tundu la kitu hiki," alisema. "Rudi uiweke kwenye ile diski yenu ya zamani, halafu uniletee. Mimi niko."

Ile ya zamani. Saa moja na nusu ya kukodolea macho mstari wa kijani unaotambaa. Na baada ya majigambo yote yale, apite tena mbele ya watu na kisanduku kilichochakaa? Jacklyne alisimama kwenye ngazi kati ya orofa ya pili na ya tatu. Alijua kazi iko ndani ya diski, aliiona kwa macho yake. Kuna haja gani ya kuonwa tena?

"Umeshamaliza?" Baba alishangaa alipomwona mlangoni. "Ameiona?"

"Ameiona," Jacklyne alisema.

Baba akafuta kadi. Alhamisi akaitumia kwenye mahafali, akaijaza hadi pomoni.

Ijumaa saa tatu umeme ulipotea jengo zima. Uliporudi saa nne, taa ziliwaka, birika likaanza kunguruma, lakini laptopu ya Mjomba Clifford haikuamka. Baba alibonyeza, akachomoa, akachomeka, akasubiri, akabonyeza tena. Kimya.

"Imekufa," alisema, wala hakuonekana kusumbuka. "Nitaipeleka kwa fundi. Mama Mwololo wa kwaya anakuja saa kumi kuchukua video. Shuka kwa Baba Kasyoki umwambie nakuja kutumia ile nakala yake."

Jacklyne alichukua diski ya Mjomba, akaifunika kwa sweta, akatoka.

Hakwenda kwa Nzioka. Alikwenda chumba cha pili, na cha tano, akashuka hadi duka la mkabala akitafuta kompyuta yoyote yenye tundu la ile kebo. Kila mlango ulikuwa na jibu lake. Mmoja alisema wateja wake wote huleta kazi kwenye flashi, sasa hilo tundu yeye angemfungulia nani. Mwingine alisema amesikia habari za kebo hizo miaka mingi, anangoja wengine wanunue kwanza. Muthama, kijana wa kuchapisha kadi za harusi, alikuwa na kompyuta mpya, na kebo ikaingia vizuri kabisa. Jacklyne karibu aruke. Wakangoja. Hakuna kilichotokea.

"Tundu linafanana, lakini ndani haielewi hii diski yako," Muthama alisema. "Pole. Kwani ni nini kimo humo?"

Jacklyne alichomoa kebo. Aliona uso wa Mwalimu Ndanu, kilemba chake cheupe, na shingo aliyokuwa akiishikashika kabla ya kuimba. Miguu ikampeleka orofa ya pili.

Nzioka alimsikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza aliweka njugu kando.

"Baba Kasyoki," Jacklyne alisema, "ungemwambia tu Baba kwamba uliiona, lakini nakala yako imeharibika."

"Siwezi, mwanangu." Hakusema kwa ukali. "Mimi nikisema nimeiona kazi ambayo sikuiona, jengo hili lote litaanza kuamka usiku kuangalia kadi zake. Nenda ukamwambie baba yako. Ukitaka nitapanda nawe, lakini maneno ni yako."

"Twende," Jacklyne alisema.

Baba alikuwa akipanga nyaya. Jacklyne alisema yote akiwa amesimama mlangoni, na Nzioka nyuma yake. Hakuficha kitu: majigambo, ngazi, uongo, hata ombi alilotoka kumpa Nzioka sasa hivi. Aliona aibu, aibu tupu, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu.

Baba alivua ile kofia ya kijani, akaiweka juu ya meza. Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Akampigia simu Clifford.

"Shemeji, ofisini kwenu bado kuna mashine zinazosoma hii diski? Zipo? Unatoka saa ngapi? Saa sita unaenda Naivasha? Usiondoke kabla sijafika." Akakata simu. "Chukua diski zote mbili," alimwambia Jacklyne. "Ungeniambia mchana, tungemkosa."

Magari yalikuwa hayasogei, kwa hiyo walivuka barabara kuu na kupanda Upper Hill kwa miguu. Baba alitangulia hatua kumi mbele njia nzima. Jacklyne aliona afadhali angemgombeza.

Mjomba Clifford aliwapokea mapokezini pamoja na mkubwa wake, Madamu Everlyn, mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani shingoni.

"Sisi haturuhusu diski za nje," Madamu Everlyn alisema. "Niambieni kwanza, ilikuwaje kazi muhimu hivi ikabaki na nakala moja?"

Clifford alimtazama Zadock. Zadock alimtazama Jacklyne.

"Ni mimi," Jacklyne alisema. "Nilimwambia Baba jirani ameiona, na hakuwa ameiona. Nilitaka kuonekana mwepesi."

Madamu Everlyn alivaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Kuna mashine moja kule nyuma ambayo haijaunganishwa na zingine," alisema. "Mtatumia hiyo."

Clifford alichomeka kebo, na mara moja ibada ya Mwalimu Ndanu ikajitokeza, nzima, haijakwaruzwa. Kisha wakaunganisha diski ya zamani upande wa pili ili kazi ihamie huko, na ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Saa moja na nusu, bila kupungua. Clifford aliaga akaenda safari yake. Jacklyne hakutoa macho kwenye ule mstari.

Madamu Everlyn alipita akacheka. "Hata hapa kwetu ni mashine tatu tu zenye tundu hilo," alimwambia Baba. "Tulidhani kila mtu angelikimbilia. Lakini watu wengi hawalihitaji, na kebo ya zamani inaingia kila mahali."

Saa nane walikuwa kwa Nzioka. Nzioka alifungua diski, akatazama mwanzo, katikati na mwisho, akajiwekea nakala. "Nimeiona," alisema, na Jacklyne hakuwahi kusikia neno tamu kama lile. Baba akakalia kiti cha Nzioka, akakatakata na kuunganisha, na saa kumi kasoro dakika tano kazi ilikuwa tayari.

Mama Mwololo alitaka kuonja kidogo kabla ya kuibeba. Baba alimchezea wimbo wa Mwalimu Ndanu. Mama yule alisikiliza amesimama, mkoba kifuani, hadi ubeti wa mwisho.

"Jana nilimtembelea hospitalini," alisema akijifuta macho. "Anaandika kwenye karatasi sasa. Aliandika, 'Nataka wajukuu wanisikie.' Mungu awabariki, Baba Jacky."

Alipoondoka, Baba alimwita Jacklyne akae karibu naye.

"Diski ya mjomba wako si mbaya," alisema. "Nitaitumia, maana inaniokolea muda. Lakini kitu kikiwa na kasi na wenzako hawana pa kukipokelea, unabaki umefika peke yako. Hilo ni dogo, litarekebishika polepole. Kubwa ni hili. Mimi sikufuta kadi kwa sababu ya kebo. Nilifuta kwa sababu ulisema ameiona. Kazi yetu hapa yote inasimama juu ya neno la mtu. Ukikosea, niambie umekosea, hata kama unaona haya. Leo ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ndiyo maana wale wajukuu watamsikia nyanya yao."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Kuamini ndiko kutachukua saa moja na nusu," Baba alisema, na akatabasamu kidogo.

Ilichukua zaidi ya hapo. Wiki mbili nzima, kila Jacklyne aliposema jirani ameiona, Baba alivaa kofia yake na kushuka mwenyewe kuuliza. Jacklyne hakulalamika. Laptopu iliporudi kutoka kwa fundi, alitumia diski ya Mjomba kwanza, kisha ya zamani, akaketi na kungoja mstari ufike mwisho. Wakati mwingine Nzioka alimletea njugu.

Siku ya mwisho ya likizo alipanda ngazi moja moja hadi orofa ya tatu, diski iliyochakaa mkononi.

"Baba Kasyoki ameiona," alisema.

Baba aliinua macho, akamtazama. Kofia ilikuwa imening'inia msumarini, hakuigusa. Alinyoosha mkono, akachukua kadi, akaifuta.