Mzigo Umefika Geti la Kijani

Majirani walikuwa hawajafungua hata madirisha, na harufu ya keki ilikuwa imeshafika barabarani. Ilitoka katika nyumba ya pembeni, kwenye jiko dogo lenye oveni moja na meza moja ndefu. Mwenye jiko aliitwa Mama Keki. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikwisha kulisahau, na yeye mwenyewe hakulidai.

Mumewe alikuwa na pikipiki. Kazi yake ilikuwa kupeleka keki kwa wateja. Aliyafunga maboksi kwa mpira, akaendesha polepole kuliko mtu wa baiskeli. Watoto wa mtaani walimpita mbio huku wakimcheka. Wakambandika jina: Bwana Boksi.

Bwana Boksi alikuwa na desturi yake. Kila alipofikisha keki, alimwomba mtoto wa sherehe asimame getini na keki yake. Alimpiga picha, akaituma kwa mkewe. Mkewe aliiweka kwenye ukurasa wao wa biashara mtandaoni. Juu aliandika, "Mzigo umefika!" Chini aliandika jina la mtoto, umri wake, na nyumba ilipo, ili watu wajue kwamba wanafikisha keki hata huko.

Picha hizo zilipendwa sana. Wateja walitoka mitaa ambayo Mama Keki hajawahi kuikanyaga.

"Biashara matangazo," Bwana Boksi alisema kila siku, utadhani methali hiyo kaitunga yeye.

Siku moja walipeleka keki kwa mtoto wa nesi mmoja. Mtoto huyo kwao walimwita Pipi. Alisimama getini na sare ya shule, meno mawili ya mbele hana, krimu imemjaa puani. Picha ilikuwa tamu kweli. Mama Keki akaandika: "Pipi wetu katimiza miaka saba! Mzigo umefika geti la kijani, nyuma ya duka la rangi. Hongera kwa mama yake, nesi wetu mpenzi. Leo yuko zamu, lakini hakumsahau mwanawe."

Haikuwahi kuwekwa picha iliyopendwa kama hiyo.

Wiki iliyofuata nesi alikuja jikoni. Alikuwa bado na nguo za kazi. Mama Keki alikuwa anachanganya siagi na sukari.

"Karibu, Mama Pipi! Vuta kiti. Tunaoka nyingine?"

"Sikufuata keki," nesi alisema. Hakukaa. "Fungua simu yako. Nionyeshe picha ya mwanangu."

Mama Keki alifuta mikono, akamwonyesha. Nesi aliyasoma maneno yote kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho.

"Jana mwanamume mmoja alikwenda shuleni kwa Pipi," alisema. "Alimwambia mlinzi kwamba yeye ni mjomba, nimemtuma amchukue. Mjomba wa Pipi si angekuwa kaka yangu? Mimi sina kaka. Nimezaliwa peke yangu."

"Mungu wangu!"

"Alimwita Pipi, jina letu la nyumbani. Akamwambia, 'Mama yuko zamu. Ile keki ilikuwa tamu? Haya twende nyumbani, kwenye geti letu la kijani.' Na mwanangu akampa mkono. Alimpa mkono, Mama Keki!"

"Yuko wapi mtoto?"

"Yuko salama. Mlinzi alisema ngoja kwanza nimpigie mama yake. Yule mtu akasema kasahau kitu garini. Akaondoka, hakurudi. Mwalimu mkuu na mimi tumekwenda polisi."

Mama Keki alitafuta la kusema. Alipolipata, halikuwa zuri.

"Lakini picha uliiona, Mama Pipi. Hata moyo uliiwekea."

"Niliiona wakati kazini wote wameshaiona. Ningefanya nini? Hukuniuliza." Nesi akaufuata mlango. "Ifute. Na usinipigie simu tena."

Mama Keki aliifuta pale pale. Kisha aliketi kwenye ndoo ya unga, akalia. Alilia kwa aibu, na alilia kwa hofu. Alijua kwamba angeweza kuwa amempoteza mtoto wa mwenzake kwa maneno ya kufurahisha wateja.

Jioni alimweleza mumewe. Bwana Boksi alikuna kichwa.

"Mtu mbaya ni mbaya tu," alisema. "Kosa si la keki."

"Ni la picha."

"Na picha za watoto ndizo zinazotuuzia. Tukiziondoa tutaweka nini, mifuko ya unga?"

Walibishana hadi chakula kikapoa. Mwisho walikubaliana kumwita dada yake Bwana Boksi. Yeye alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kampuni ya simu. Kila siku alipokea malalamiko ya watu waliotapeliwa na kusumbuliwa mtandaoni.

Wifi huyo alikuja Jumamosi. Binti yao, Chiriku, alimpokea shangazi yake kwa maneno mengi, kama kawaida yake, kisha akatoka kwenda kucheza. Mama Keki alimimina chai, akamnyooshea wifi yake simu.

"Yako siitaki," wifi alisema. "Nitatumia yangu. Jifanye mimi ni mtu baki. Sikujui, sijui mnakaa wapi. Nitaona kile anachokiona yeyote mwenye bando."

Alianza kuusoma ukurasa wao. Alipitisha kidole, akatazama, akapitisha tena. Bwana Boksi alimaliza chai yake na kuanza ya dada yake. Hatimaye wifi aliiweka simu mezani.

"Kuna mtoto wa kike," alisema. "Anaitwa Chiriku. Sare yake ni ya bluu na kola nyeupe, na beji ya shule inasomeka. Anaogopa mbwa. Mtu akimfukuzia mbwa, atamwamini kama ndugu. Ijumaa wazazi wote wawili wanapeleka keki za wikiendi, kwa hiyo akitoka shule yuko peke yake. Ufunguo wa nyumba uko chini ya chungu cha maua."

"Ufunguo sikuandika!" Mama Keki alimaka.

"Hukuandika. Uko kwenye video. Chiriku anainua chungu, anatoa ufunguo, anafungua mlango. Chini umeandika, 'Binti yangu amekua.'"

Bwana Boksi alisimama. Alikwenda mlangoni.

"Chiriku! Ingia ndani."

"Bado tunacheza, baba!"

"Ingia, nimesema!"

Akainama, akautoa ufunguo chini ya chungu, akautia mfukoni. Aliporudi kukaa, habari ya matangazo hakuigusa tena.

"Nimefanya nini mimi?" Mama Keki aliuliza.

"Umefanya wanalofanya wengi, wifi. Ukitazama picha moja moja, huoni kosa. Lakini mtu mwenye nia mbaya hatazami moja. Hii inampa jina, ile inampa shule, nyingine inampa siku ambayo mama hayupo. Anaokota vipande, anaviunga."

"Ya Pipi nimeshaifuta."

"Umefanya vizuri. Ila aliyekwisha kuihifadhi kwenye simu yake bado anayo. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tunaweza kuacha kumwaga mengine."

"Basi tuufunge ukurasa?" Bwana Boksi aliuliza kwa unyonge.

"Nani kasema mfunge? Mnauza nini?"

"Keki."

"Basi onyesheni keki. Mtoto wa nesi si bidhaa yenu. Piga picha hapa mezani, kabla jina halijaandikwa. Kama unataka kumweka mtu, mkubwa au mdogo, omba ruhusa kabla, kwa maneno yanayoeleweka. Kwa mtoto, muulize mzazi wake. Mtu kunyamaza au kucheka siyo ruhusa. Akikataa, asinuniwe wala asibembelezwe. Na hata akikubali, usiandike jina, shule wala nyumba."

Aliwaonyesha pia jinsi ya kuzima sehemu ya simu inayotunza mahali picha ilipopigwa. Kisha akaomba kuona ujumbe wa wateja. Maelekezo ya nyumba za watu yalikuwa yamejaa humo, mengine ya zamani kabisa.

"Haya umepewa ufikishe keki," alisema. "Keki ikishafika, yafute. Na mtu akikuuliza habari za mteja wako, jibu ni moja tu: nitamuuliza mwenyewe kwanza. Mwenye nia njema atasubiri."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Shangazi yake akamvuta karibu.

"Na wewe, mama mdogo. Mtu akikuita Chiriku barabarani, ni nani huyo?"

"Ni mtu anayenijua."

"Hapana. Ni mtu anayejua jina lako. Kwake huendi, hata akisema katumwa na mimi, mpaka mama au baba awe amekuambia kabla."

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Video ya chungu ilikuwa ya kwanza kufutwa. Picha za watoto zote zikafuata. Mama Keki aliwapigia simu wazazi wao, akawaeleza na kuwaomba radhi. Wengi walimshukuru. Mmoja alimfokea. Mwingine alicheka sana, akasema, "Wangu muache, ni nyota." Mama Keki akamfuta nyota pia.

Ukurasa ulibaki mweupe. Wateja walipungua, na Bwana Boksi alinung'unika kwamba sasa wanafanana na duka lililofiwa. Mama Keki akaanza kuonyesha mikono yake tu, ikipamba keki kwa krimu. Watu waliipenda mikono hiyo. Mzazi mmoja aliandika, "Nimekuja kwenu kwa sababu humu sioni watoto wa watu." Pole pole maboksi yakarudi kwenye pikipiki.

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa mwanamume mwenye sauti laini.

"Mama Keki? Mimi ni mjomba wake Pipi. Wa geti la kijani, unamkumbuka?"

Mama Keki alikumbuka kwamba nesi hana kaka. "Ndiyo."

"Nataka umpelekee keki, nimshtukize. Hivi bado wanakaa pale pale? Na mama yake siku hizi anaingia zamu siku zipi?"

Zamani angejibu yote, tena kwa kicheko. Sasa alishika ukingo wa meza.

"Nitamuuliza mama yake kwanza," alisema.

Simu ikakatwa.

Mama Keki alikuwa amekatazwa kumpigia nesi. Alimpigia.

"Si nilikuambia usinipigie?" nesi alisema.

"Ulisema. Nisikilize kwanza, kisha unitukane."

Alimweleza neno kwa neno, akamtumia namba ya yule mtu. Nesi aliipeleka kwa askari aliyekuwa na kesi ile. Haukupita muda mrefu, mtu huyo akakamatwa. Mlinzi wa shule alimtambua kwa kumwona tu.

Baadaye nesi alikuja jikoni. Safari hii alivuta kiti, akakaa.

"Mdogo wake Pipi anatimiza mwaka," alisema. "Nataka keki. Nitaichukua mwenyewe."

"Niandike jina gani?"

Nesi alikuwa anaitazama simu iliyolala mezani. Mama Keki aliichukua, akaitia ndani ya droo, akaisukuma droo mpaka ikafunga.

Nesi akamsogelea, akamtajia jina la mwanawe sikioni. Mama Keki alitabasamu na kulirudia kimoyomoyo. Sisi wengine halituhusu.